Mepo mfupi wa Kijapani Dodoma: kwenye chungu sawa, ardhini hapana

Mwenye nyumba mpya Ilazo, Kisasa au Iyumbu akimaliza kupaka rangi ukuta, kinachofuata ni bustani, na siku hizi bustani inaanza na picha kwenye simu. Picha inayoletwa sana kitaluni kwetu ni ya kimti kifupi chenye majani mekundu yaliyochanika vipande vyembamba, matawi yameinama mpaka yanakaribia kugusa nyasi. Mteja anataka miwili, mmoja kila upande wa geti.

Mti huo ni mepo wa Kijapani, kwa jina la kitaalamu Acer palmatum. Ule wa kuinama wenye majani ya nyuzinyuzi ni wa kundi linaloitwa Dissectum. Jani lililo kwenye bendera ya Kanada ni la jamaa yake mkubwa. Jibu tunalolitoa ni lile lile kwa kila anayeuliza: ukiuchimbia shimo getini hapa Dodoma, utakufa. Ukiuweka kwenye chungu, mahali penye kivuli, ukaunywesha maji ya mvua na ukakubali kuutafutia baridi kila mwaka, utaishi. Kwa hiyo miche ya mepo ya kupanda ardhini hatuuzi, hata mteja akisisitiza.

Dodoma inaunyima nini

Mepo huu umezoea misitu ya Japani na Korea, ukikaa chini ya miti mikubwa, mizizi yake ikitambaa juujuu kwenye majani yaliyooza. Tokyo hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, nazo zimesambaa. Dodoma tunapata kama milimita 550 hadi 600, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kisha miezi saba ya ukavu na upepo.

Wengi wanadhani shida ni maji, basi wanaahidi kumwagilia asubuhi na jioni. Maji ni sehemu ndogo ya tatizo. Shida kubwa ni usingizi. Mepo hupukutisha majani, unalala, na ili uamke vizuri unahitaji wiki nyingi mfululizo za baridi iliyo chini ya nyuzi joto 7 hivi. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na watu huvaa majaketi usiku wa Juni na Julai, lakini baridi hiyo ni ya nyuzi 13 au 14. Kwa binadamu inatosha kulalamika. Kwa mepo haihesabiki.

Mti uliokosa baridi haufi siku hiyo. Mwaka wa kwanza huwa mzuri, kwa sababu unatumia akiba ya chakula uliyotoka nayo kwenye nchi ya baridi, na hapo ndipo mwenye nao anapopiga picha na kuwatumia jirani zake. Mwaka wa pili majani ya zamani hayadondoki yote, macho ya pembeni (vichipukizi vilivyofumba) hayafunguki, yanachipua yale ya ncha tu. Matawi yanakuwa marefu na matupu katikati. Baada ya hapo kila chipukizi ni dogo kuliko lililotangulia, hadi shina linakauka kutoka juu kushuka chini. Mwenye mti anasema umerogwa au umepigwa na mchwa. Mchwa huja kweli, ila mara nyingi huja kula kilichokwisha kufa.

Wakulima wa zabibu watauliza: mbona mzabibu nao ni mti wa nchi za baridi, na Dodoma unazaa mara mbili kwa mwaka? Mzabibu hukubali kudanganywa. Ukiukata matawi na kuunyima maji, unapumzika na kuchipua upya. Mepo hudanganyika nusu tu: ukiuondoa majani utapumzika kidogo, lakini macho yake bado yanadai baridi. Ndiyo maana mwenye shamba Njombe au Makete, kule matofaa yanakozaa, ana nafasi kubwa kuliko sisi ya kuuweka mti huu ardhini. Kama una kwenu huko na unautaka sana, upande huko.

Rangi nayo ina jambo lake. Zile picha za mti unaowaka kama moto zimepigwa majira ya vuli, usiku unapopoa na siku zinapofupika. Tokyo tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi za mwaka inakaribia saa tano. Dodoma haifiki saa moja. Mti hapa hautapata ishara hiyo. Aina nyekundu zitakuwa nyekundu majani yakiwa machanga, kisha joto likizidi zitageuka shaba au kijani kibichi chenye wekundu wa mbali. Mti haujaugua, ila usiutarajie moto wa kwenye picha.

Mbegu za mtandaoni

Tumalize hili haraka. Mepo wa bluu haupo. Wa rangi saba nao haupo. Picha za kwenye pakiti hizo zimechezewa kwenye kompyuta, na ndani mara nyingi ni mbegu za kitu kingine kabisa au mbegu zilizokauka hadi zikafa.

Hata ukipata mbegu halisi, aina fupi za Dissectum hazifuati mama. Zinazalishwa kwa kubebesha: kikonyo cha aina unayoitaka kinapachikwa kwenye mche wa mepo wa kawaida. Mbegu yake inaweza kukupa mti wa kijani unaokua wima hadi mita 5 na zaidi. Na mbegu yenyewe haioti bila kulowekwa saa 24, kisha kukaa kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya friji, nyuzi 4 hivi, kwa siku 90 hadi 120.

Kuhusu mche wa kutoka nje: unahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) na cheti cha afya ya mimea cha nchi unakotoka. Anza na kibali, mti baadaye. Mche uliofichwa kwenye begi ukikamatwa unateketezwa, na usipokamatwa unaweza kuingiza ugonjwa wa mizizi utakaokaa kwenye udongo wako miaka.

Chagua aina kabla ya chungu

Kwa Dodoma, ufupi ni wa lazima, kwa sababu mti lazima ubebeke. Kiyohime na Mikawa Yatsubusa ni vimti vifupi vya kweli: hukua taratibu, vinakaa miaka mingi bila kupita urefu wa mita moja na kitu, na majani yake ya kijani huvumilia mwanga kuliko mekundu. Ukitaka wekundu, Tamukeyama na Crimson Queen ndizo zinazoshikilia rangi kwenye joto kuliko nyingine za kuinama. Epuka aina zenye madoa meupe au waridi kama Butterfly na Ukigumo, na zile za manjano. Hizo huungua hata kwenye baraza.

Unapopokea mche, tafuta alama ya kubebesha, uvimbe mdogo juu ya mizizi. Chochote kinachochipua chini ya uvimbe huo kivunje kwa kidole kikiwa bado laini. Kikiachwa msimu mmoja, mche wa chini unameza ule uliolipia.

Chungu na kinachoingia ndani

Kwa mti mdogo, chungu cha sentimita 20 hadi 25 kwa upana kinatosha. Kwa mti wa miaka sita au saba wa kuinama, sentimita 45 kwa upana na 35 kwenda chini. Chungu cha udongo wa kuchoma ndicho bora, kwa sababu kinapumua na kupoa. Vyungu vya saruji vinavyouzwa kando ya barabara ni vizuri kwa bogenvilia, si kwa mepo: saruji mpya hutoa chokaa kila unapomwagilia, na mepo unapenda udongo wenye uchachu, pH 5.5 hadi 6.5. Ndoo nyeusi ya plastiki ikipigwa na jua la Oktoba huchemsha mizizi. Kama huna nyingine, ipake rangi nyeupe au iingize ndani ya chungu kikubwa zaidi.

Tundu la chini liwe na upana wa sentimita 2 au zaidi, na uwe na uhakika halizibiki. Usiweke safu ya kokoto chini. Hii ni desturi ya wengi, na inafanya kinyume cha wanachotaka: maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ujae kabisa, kwa hiyo unaipandisha tope karibu na mizizi. Kipande cha neti ya mbu juu ya tundu kinatosha.

Udongo wa Dodoma usiingie humo. Ule mwekundu hukauka ukawa kama sakafu, na ule mweusi wa mbuga hushika maji kisha hupasuka. Mchanganyiko tunaoupima kwa ndoo ni huu: sehemu 4 za magome ya misindano yaliyooza na kupondwa vipande vya milimita 5 hadi 15, sehemu 3 za tofali la kuchoma lililovunjwa na kuchekechwa (acha vipande vya milimita 5 hadi 10, vumbi litupe), sehemu 2 za kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) iliyooshwa, na sehemu 1 ya mboji ya majani iliyokomaa. Magome hutoka kwenye viwanda vya mbao vya upande wa Mufindi, na kazi yake ni kuleta uchachu na hewa. Kokopiti ioshwe mara tatu kwa maji safi, maana nyingine huja na chumvi ya pwani. Majivu usitie. Tunajua bibi zetu walitia majivu kwenye kila kitu na kila kitu kikaota, lakini majivu hufanya kazi ya chokaa.

Unapopanda, shingo ya mizizi, pale shina linapoanza kutanuka, ibaki juu ya udongo. Mche uliozikwa hadi kwenye alama ya kubebesha huoza gome taratibu, na mwaka mzima unaweza kupita kabla hujajua. Mizizi inayozunguka chungu kwa duara ikate, ikunjue iliyobaki itazame nje. Funika juu kwa matandazo ya magome sentimita 3, yasiguse shina. Kisha weka chungu juu ya matofali matatu, si juu ya ardhi, ili mchwa wasipandie kwenye tundu, na ukague chini yake kila wiki.

Jua, na upande upi wa nyumba

Vitabu vya Ulaya na Marekani husema upande wa mashariki au wa kaskazini wa nyumba. Kwa nyuzi 6 kusini mwa ikweta, ushauri huo unahitaji kusahihishwa.

Kuanzia mapema Machi hadi karibu wiki ya kwanza ya Oktoba, jua la mchana Dodoma linapita upande wa kaskazini. Ukuta wa kusini unakuwa na kivuli cha mchana kipindi chote hicho, na mtu anajiona amepata mahali. Kisha Oktoba, mwezi wa joto na ukavu mkali, jua linavuka kwenda kusini na kuupiga ukuta ule ule kila adhuhuri hadi Februari. Miti mingi ya kivuli huungua Oktoba kwa sababu hiyo, na mwenyewe anashangaa kwa kuwa hakuihamisha. Ilipaswa kuhamishwa.

Upande wa mashariki una jua jema, lile la saa moja hadi saa nne asubuhi, lakini ndiko unakotoka upepo wetu wa kiangazi. Upepo mkavu hukausha jani kabla mizizi haijaleta maji, na kingo zinakuwa kahawia hata udongo ukiwa na unyevu. Kwa hiyo mashariki sawa, lakini nyuma ya kitu: ukuta wa tofali zenye matundu, uzio wa akalifa, au mkeka wa mianzi uliosimamishwa mita moja kutoka kwenye mti. Ukuta usiokuwa na matundu huzungusha upepo ukarudi kwa nguvu upande wa pili, basi ukuta unaopitisha nusu unafaa zaidi.

Magharibi usiweke kabisa.

Kama huna baraza, funga neti ya kivuli ya asilimia 50 hadi 60, mita 2 juu, upande wa magharibi ishuke hadi chini. Usiegemeze neti kwenye majani. Kivuli kikizidi, tuseme kona ya ndani isiyoona anga, aina nyekundu hugeuka kijani na matawi hurefuka yakitafuta mwanga. Kigezo rahisi: saa saba mchana uweze kusoma gazeti pale bila kukunja uso.

Maji

Hapa ndipo tunapoulizwa zaidi, na ndipo makosa ya gharama yanapotokea.

Maji mengi ya mjini na karibu visima vyote vya majumbani Dodoma hutoka ardhini, na mengi ni magumu. Angalia birika lako: ukoko mweupe ndani ni chokaa ile ile itakayojikusanya kwenye chungu. Visima vingine vina chumvi pia, unaweza kuionja. Mepo hauvumilii yote mawili. Chokaa hupandisha pH, chuma kinakwama kwenye udongo, na majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani. Chumvi huunguza ncha za majani kuanzia yale ya zamani.

Maji ya mvua hayana shida hizo, na hesabu yake ni nyepesi. Milimita 10 za mvua juu ya bati la mita 10 kwa 10 ni lita 1,000. Toa zilizopotea, unabaki na kama 800. Chungu cha sentimita 45 kinakunywa lita 4 hadi 6 kwa siku kwenye joto, pungufu ya hapo Juni. Kwa miezi saba ya kiangazi ni kama lita 1,100. Simtanki moja ya lita 2,000 iliyojazwa Machi inalisha mti mmoja mkubwa hadi Desemba na chenji inabaki. Mvua ya kwanza ya msimu iache ipite dakika 15 au 20 ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo uelekeze gata kwenye tenki. Tenki lifunikwe, mwanga usiingie, mbu wasizaliane.

Mvua ikiisha na una maji magumu yasiyo na chumvi, siki nyeupe ya asilimia 5 inasaidia: anza na mililita 75 kwa ndoo ya lita 20, koroga, subiri dakika 10, pima kwa karatasi za pH. Lenga 6 hadi 6.5. Ongeza au punguza kidogo kidogo, na ukishapata kipimo cha kisima chako kiandike ukutani. Siki inashusha pH inayopandishwa na chokaa tu. Chumvi haiondoi, na maji yanayosoma zaidi ya 500 ppm kwenye kalamu ya TDS (kipimo cha chumvi zilizoyeyuka kwenye maji) usiutese mti nayo hata siku moja. Tunapendelea chini ya 250.

Namna ya kumwagilia: ingiza kidole sentimita 4 au 5. Pakiwa na unyevu, ondoka. Pakiwa pamekauka, mwagilia asubuhi, polepole, mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyokaa kwenye sahani. Vikombe viwili kila jioni, ule utaratibu wa kumwachia mtoto afanye akitoka shule, hulowesha juu tu na kuacha chumvi katikati. Mara moja kwa mwezi pitisha maji ya mvua mara mbili ya ujazo wa chungu ili kuosha kilichojikusanya. Usinyunyizie majani saa sita mchana kwa maji magumu. Tone likikauka linaacha doa jeupe lisilotoka.

Mbolea kidogo kuliko unavyodhani

Mbolea inayoyeyuka taratibu, gramu 1 kwa kila lita ya mchanganyiko, mara moja kwa mwaka majani yanapofunguka. Ni nusu ya kipimo cha kawaida, kwa sababu joto letu huifungua haraka. Au NPK 19:19:19, nusu gramu kwa lita ya maji, kila wiki mbili hadi Aprili, kisha acha. CAN ina chokaa ndani yake, Urea inasukuma majani laini yanayoungua, na samadi ya kuku, hata iliyokaa, ina chumvi nyingi mno kwa mizizi hii.

Kuutengenezea baridi

Anayetaka mepo uishi zaidi ya miaka miwili mitatu Dodoma anahitaji friji. Ni friji tu ya kusimama, ile ya soda, iliyotolewa rafu, au chumba cha baridi cha mtu unayemwamini. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuchagua mti mdogo.

Kitu kinachofanya kazi kwa faida yetu ni kwamba mti hauna haja ya kulala wakati ule ule na Japani. Baridi tunaitoa sisi, basi tuchague miezi. Miezi mibaya kwa mepo hapa ni Septemba, Oktoba na Novemba: joto, upepo, ukavu. Hiyo ndiyo ya kulala. Mti unaingia kwenye friji mwanzoni mwa Septemba, unatoka mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, na majani mapya yanafunguka mvua zinapoanza na hewa ina unyevu. Umekwepa miezi mitatu mibaya na umeupa baridi yake kwa pamoja.

Mwishoni mwa Julai acha mbolea kabisa kama ulikuwa bado unaweka. Katikati ya Agosti punguza maji, lakini usikaushe. Wiki ya mwisho ya Agosti kata majani yote kwa mkasi, ukiacha kijiti kidogo cha kila jani. Hicho kitadondoka chenyewe na kulinda jicho lililo chini yake. Kagua wadudu, osha matawi. Funga chungu kwenye mfuko wa plastiki kuanzia kwenye ukingo, udongo uwe na unyevu usiochuruzika. Friji iwe nyuzi 3 hadi 5. Isigandishe. Giza halina shida kwa mti usio na majani. Angalia unyevu kila baada ya wiki mbili na uongeze kikombe kimoja pakihitajika.

Usichanganye na matunda. Ndizi, embe, parachichi na tofaa hutoa gesi ya kuivisha inayoua macho ya mti. Umeme ukikatika saa kadhaa, usifungue mlango, hakuna kitakachoharibika. Ukikatika siku nzima, weka chupa za maji ya barafu. Baada ya wiki 10 hadi 12 utoe, uweke kivulini kizito wiki mbili, kisha uusogeze kwenye mwanga wake wa kawaida. Wakati wa kuutoa, kabla macho hayajavimba, ndio wakati wa kubadilisha udongo pia, kila mwaka wa pili au wa tatu, ukipunguza robo ya mizizi.

Mti dhaifu, uliokwisha kupoteza nusu ya matawi, usiukate majani. Hauna akiba ya kuchipua tena.

Kusoma jani lililoharibika

Kahawia upande mmoja tu wa mti, ule unaotazama upepo au jua: hamisha, usiongeze maji. Kahawia kwenye ncha, mti mzima, kuanzia majani ya zamani: chumvi, osha udongo. Njano katikati ya mishipa ya kijani kwenye majani machanga: pH imepanda, rekebisha maji kwanza, ndipo utumie chuma cha chelati (kilichotengenezwa kisikwame kwenye udongo), vinginevyo unarudia kila mwezi.

Vidoa vidogo vya njano na utando mwembamba chini ya jani ni utitiri mwekundu, mdudu wa kiangazi. Mpulizie maji kwa nguvu chini ya majani siku tatu mfululizo, kisha sabuni ya maji mililita 5 kwa lita, jioni. Vidung'ata vyeupe kwenye kwapa za matawi vifute kwa pamba yenye spiriti.

Tawi moja likinyauka ghafla huku mengine yakiwa mazima, likate na utazame ndani ya mti. Mistari ya kijivu au kijani cha zeituni kwenye mbao ni ugonjwa wa mnyauko wa ukungu uitwao Verticillium, na hauna dawa. Kata chini ya sehemu iliyobadilika rangi, choma tawi, osha mkasi kwa spiriti kila unapokata, na usitumie udongo wa chungu hicho kwa nyanya, bilinganya wala pilipili, kwani hushambuliwa na ugonjwa huo huo.

Kama unachotaka ni kimti kifupi getini

Basi huhitaji mepo. Kwa wekundu wa majani, Euphorbia cotinifolia ndiyo inayokaribia zaidi: majani ya rangi ya divai mwaka mzima, jua kali halimsumbui, na ukipogoa mara tatu kwa mwaka inabaki mita 2. Utomvu wake mweupe unaunguza ngozi na ni hatari kwa macho, kwa hiyo vaa glavu na usiipande mahali watoto wanapochezea. Kwa umbo la mti wa kizee kwenye chungu, waridi la jangwani, Adenium obesum, linaota lenyewe katika nchi kavu za Afrika Mashariki: shina nene, maua ya waridi, chungu cha sentimita 30, jua la muda wa saa sita kila siku, maji udongo ukikauka kabisa. Nalo utomvu wake ni sumu. Chungu cha saruji halijali. Bogenvilia ikifungwa kwenye kijiti kimoja na kupogolewa mwavuli inatoa mti mdogo wenye rangi ndani ya miaka miwili.

Ukija kitaluni kuzungumzia mepo, njoo na chupa ya nusu lita ya maji unayomwagilia, tupime pH na chumvi hapo hapo. Leta picha nne za mahali unapopafikiria, zilizopigwa saa mbili asubuhi, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja jioni siku moja, zikionyesha kivuli kinavyosogea. Mwenye mti tayari alete pia tawi lenye majani ya zamani na machanga, likiwa kwenye mfuko uliofungwa. Mchanganyiko wa udongo tunauandaa kwa lita. Taja upana na kina cha chungu tu, na kama ni cha saruji tutakuambia ukirudishe.